Sentensi Ambayo Dada Hakuisema

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada, na ukiweza unijibu katika toleo la Ijumaa hii, maana ikipita Jumanne ushauri wako utabaki wa kusoma tu.

Mimi ni mkalimani katika ofisi inayowahoji watu waliokimbia kwao wakaja kuomba hifadhi, huu ni mwaka wangu wa sita, na sharti la kwanza tulilofundishwa ni kwamba mkalimani hana lake, mtu akisema "nilipigwa" na wewe unasema "nilipigwa", husemi "anasema alipigwa", kwa hiyo kutwa nzima nakuwa mjane, nakuwa askari mtoro, nakuwa mama aliyepotelewa na watoto, halafu saa kumi navua kadi shingoni narudi nyumbani, na wenzangu hunitania kwamba siku nikiugua daktari atauliza hasa anaumwa nani.

Wasilolijua ni kwamba hata mimi nilikuja hivyo hivyo. Nililetwa nikiwa na miaka minane, fundi cherehani mmoja mjane akanichukua akanilea kama wa tumbo lake, na tangu hapo mimi ni mtoto wa fundi cherehani, ndivyo anavyojua mke wangu, ndivyo anavyojua baba mkwe, ambaye kila tukienda kumsalimia huniuliza, "Hao watu wako wamekudanganya nini wiki hii?" na mimi hucheka naye, mshauri, nacheka mpaka meno ya mwisho, na lugha yao nimesema nilijifunza kwa majirani.

Sasa Jumatano iliyopita akaingia mwanamke wa makamo, jina la kwenye jalada ni la mumewe, nikatia sahihi ile fomu ya kwamba simjui, na kweli sikumjua. Afisa akamwuliza siku walipovamiwa alifanya nini. Akasema, "Nilijificha nyuma ya magunia ya mkaa mpaka walipoondoka," huku anasokota ncha ya mtandio kidoleni, na mimi nikafungua mdomo kutafsiri nikajisikia nasema, "Nilijificha nyuma ya magunia ya mkaa, nikamziba mdomo mdogo wangu asikohoe." Mshauri, hakusema hivyo. Habari ya kukohoa hakuigusa kabisa. Niliijua kwa sababu aliyekuwa anakohoa ni mimi, na ladha ya kile kiganja chenye vumbi la mkaa ninayo mdomoni mpaka leo.

Afisa akainua kichwa. "Mdogo wako? Kwenye fomu umeandika huna ndugu." Ikabidi nimgeukie nimwulize kwa lugha yetu. Akanitazama, akasema, "Sina mdogo." Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikamwambia afisa, "Sina mdogo." Afisa akapiga mstari mwekundu. Jumanne anaitwa tena aeleze kwa nini maneno yake yanapingana, na wenye maneno yanayopingana hurudishwa walikotoka, nimewatafsiria barua hizo mara nyingi.

Nikisema kweli kazi itakwenda, mke wangu atajua amelala miaka saba na mtu asiyemfahamu, baba mkwe atanitia katika "hao". Nikinyamaza dada yangu anarudishwa. Nimefikiria kumfuata hosteli anakokaa tupange la kusema, lakini naogopa, lakini kutokwenda pia naogopa, lakini je, kama hakunitambua, nitakuwa nimejianika bure? Na hili usinicheke. Nikiwa peke yangu nikasema "mimi", sisikii mtu. Mimi ni nani, mshauri?

Mkalimani

*

Mkalimani,

Marahaba. Barua yako ilikuwa na "lakini" ishirini na mbili, nyingine mhariri kazipunguza kwa kukuhurumia. Pole. Mtoto wa miaka minane aliyefichwa nyuma ya magunia hana kesi ya kujibu kwangu wala kwa mtu yeyote. Mwenye kesi ni huyu mtu mzima mwenye kadi shingoni.

Unajiuliza kama alikutambua. Ebu tumia akili unayotumia kazini. Mtu asiyemjua mkalimani wake, akiulizwa ghafla habari za mdogo, angesema nini? Angesema, "Mdogo gani? Sikusema hivyo." Maneno hayo yangetosha kulisafisha jalada lake na kukuweka wewe matatani. Hakuyasema. Alikutazama, akaona shati lililopigwa pasi, akaona una kazi yako na meza yako, akalibeba kosa lako likawa lake. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani.

Kwa hiyo hosteli usiende. Mkionekana pamoja kabla ya Jumanne watasema mmepanga, na hapo mtakuwa mmezama wote wawili. Mke wako mwambie leo hii, redio ikiwa imezimwa. Usianze kwa samahani, anza na magunia. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, usimtafsirie hasira yake. Jumatatu asubuhi, kabla msimamizi wako hajaanza kupanga majalada, mwambie mambo mawili: sentensi ile ni yako, si ya mwombaji, na mwombaji ni dada yako. Waombe wampe mkalimani mwingine asikilize kanda ya mahojiano, maana najua ofisi kama zenu hurekodi. Msimamizi huyo umwombe pia amwarifu wakili wa dada yako, kama anaye. Kisha andika yote kwa mkono wako, utie sahihi, utoke katika chumba kile. Na wewe pia tafuta wakili, ingawa karatasi zilizokuandika mtoto wa fundi cherehani zilijazwa na wakubwa na sidhani kama watakufunga kwa hilo. Kazi huenda ikakutoka. Sitakudanganya.

Baba mkwe awe wa mwisho. Akiuliza tena hao watu wako wamekudanganya nini, mjibu kwamba mmoja wao amekula mezani kwake miaka saba na hajamwibia hata kijiko.

Sasa hilo swali lako kubwa. Unajifungia chumbani unasema "mimi", unategea sikio, husikii mtu. Ungemsikia nani? Mtu hajijui kwa kujiita mwenyewe. Anajijua siku mwenzake anapomhitaji naye akaitika. Umewaitikia wajane na askari watoro wa watu miaka sita, kwa ufasaha kabisa. Dada yako alikutazama mara moja tu, na wewe ukamwambia afisa kwamba hupo.

Nasikia watu wakisema aliyeamua kunyamaza aachwe na kimya chake. Kwako sikubali. Siku ile ya magunia alikuziba mdomo, mkapona wote wawili. Jumatano amekuziba tena, na safari hii unapona wewe peke yako. Utoe mkono wake mdomoni mwako, kijana, ukakohoe.