Sabuni Chini ya Udaga

Jumatatu, 9 Mei 1983

Chaki tatu za wiki nzima. Nimezivunja mara mbili. Darasa la tano leo: hadithi ina nini ndani yake. Wahusika, mandhari, mgogoro. Wamekariri vizuri. Tashbihi zao ndiyo balaa, zote za kuazima. Mkali kama simba! Simba wamemwona wapi hawa watoto wa Kibara? Nimekasirika. Nimewaambia mandhari iwe nyumbani kwenu, mfananishe na vitu mnavyoviona wenyewe. Insha nizipate kesho.

Jumanne, 10 Mei

Insha thelathini na nane. Nzuri, nimecheka peke yangu ofisini. Ya Perusi ndiyo bora. Mama yake ni mjane, anauza dagaa sokoni na kuweka udaga, muhogo mkavu, ghalani. Ameandika: "Ghala letu limeshiba kama ng'ombe wa masika. Chini ya udaga sabuni zimelala zimebanana kama watoto wa kitanda kimoja."

Nimeandika "Vizuri sana". Halafu nikairudia sentensi ya sabuni. Msako wa walanguzi umeshafika Bunda. Watu wanafungwa kwa katoni moja ya sabuni. Nimezisoma zote upya. Sukari mtungini. Khanga za Kenya ndani ya godoro. Na mimi ndiye niliyewaambia waandike.

Mjinga mimi. Nimeyafungia madaftari kabatini.

Jumatano, 11 Mei

Daftari la Perusi halipo. Mengine yamepangwa upya, si nilivyoyaacha. Ufunguo tunao wawili, mimi na Mwalimu Magesa. Kahamia muhula huu kutoka Musoma. Mtu wa kimya, ila majina ya wazazi anayauliza sana. Shemeji yake ni mgambo Bunda. Nilikuwa wapi nisiyaunganishe haya?

Nimemuuliza. "Daftari gani, mwalimu?" Macho dirishani. Namchukia.

Alhamisi, 12 Mei

Saa nne Magesa kapanda baiskeli, moja kwa moja kwa kina Perusi. Kisha nyumba ya jirani. Kisha ya tatu. Nimemwona kwa macho yangu. Anazikagua nyumba moja moja mchana kweupe.

Perusi hakuja shule. Nilitaka kwenda kumwonya mama yake. Sikwenda. Niliogopa nisionekane nimesimama penye ghala lile. Uoga tu, hauna jina jingine.

Ijumaa, 13 Mei

Wamekuja asubuhi, mgambo sita, nyumba kwa nyumba. Kwa mama Perusi wamemwaga udaga wote uani. Muhogo mkavu mtupu, hakuna hata kipande cha sabuni. Kwa wengine hivyo hivyo. Wameondoka wamenuna.

Mchana Magesa kanirudishia daftari. Ukurasa wa insha umechanwa. Kasema alifungua kabati kutafuta chaki, akasoma. Siku ya msako alishadokezwa na shemeji yake. Ile jana alikuwa akiwaambia watu wahamishe vitu.

Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Nilijua umetumwa," kasema. "Kila mzazi anasema hivyo. Eti mwalimu anawatumaga watoto wawachunguze wazazi wao."

Nimemwambia si kweli. Kasema yeye sasa ananiamini, wao sijui. Wiki nzima namshuku mtu, kumbe kijiji kizima kinanishuku mimi. Nimelia chooni, kisha nikafundisha hesabu.

Jumatatu, 16 Mei

Nimepita sokoni nikienda kazini. Mama Perusi kafunika ungo wake kwa khanga. "Dagaa zimeisha, mwalimu." Ungo ulikuwa umejaa. Nilitaka kumwomba radhi. Nimesema asante, sijui asante ya nini.

Perusi amerudi shule. Nimewapa insha nyingine, wachague wenyewe mandhari. Hakuna aliyeandika nyumbani. Sungura na fisi, zote thelathini na nane, hapo zamani za kale. Ya Perusi ina wahusika, ina mandhari, ina mgogoro. Ni hadithi mbaya. Nimempa ishirini kwa ishirini.