Vichupa Vyekundu vya Consolatha

Jumapili, 1 Juni 2025
Consolatha, binti wa marehemu dada yangu, kaenda Ngara siku nne. Ufunguo wa chumba cha vichupa kaniachia mimi. Nyakahura nzima nani mwingine anaaminika? Vichupa kumi na viwili. Alichukua vipande vya jani la choya, ile rozela ya juisi nyekundu, akavilaza juu ya jeli, vikavimba mabonge mekundu — bila udongo, bila mvua! Anasema ule wekundu ni antioksidanti, unazuia mwili kuota kutu. Miaka miwili anahangaika. Ijumaa vinaenda chuoni Mwanza, wakivikubali wanampa maabara. Kasema mjomba usifungue hata kimoja, hewa tu inaviua. Nikamwambia mimi nilimzaba kiboko kofi pale Ruvuvu, nitashindwa na vichupa?

Jumatatu, 2 Juni
Wageni kutoka Mabawe. Desderius na kaka yake — kijana wa Desderius ndiye anamposa Consolatha. Nikaleta pombe ya ndizi, nikaonja kwanza mimi mwenye nyumba, waone haina kitu. Wakachungulia chumbani. Kaka mtu akacheka, kumbe mkwe wetu anafuga maini! Desderius hakucheka. Akasema kwao hawaoi kwenye nyumba yenye sumu.
Basi nikafanya kama kwa pombe. Nikafungua kimoja, nikachota na kijiko, nikala. Akanyoosha kidole, na kile? Nikala. Vyote kumi na viwili! Kijiko kilekile. Nikawaambia hii ndiyo siri ya nguvu zangu, juzi nimeng'oa mgomba kwa mkono mmoja. Wakapiga makofi. Posa nimeiokoa mimi. Nikafunika vizuri.

Jumatano, 4 Juni
Ukungu mweupe, kama manyoya. Vichupa vyote.
Nimekula ugali. Nimelala. Sisikii kitu moyoni.

Alhamisi, 5 Juni
Karudi. Hakulia. Alikaa sakafuni, kisha akamwita Gidioni, yule baba wa watoto wanne anayemchemshia vyombo kwenye sufuria ya presha. Akamwambia hukuchemsha sawasawa. Gidioni akasema dakika ishirini dada, kwa saa, kama ulivyonifundisha. Consolatha akauliza, sasa uchafu umepita wapi?
Akanigeukia. Mjomba, kuna mtu aliingia humu?
Mimi! Mtu akiniuliza njia ya sokoni namtolea hadithi ya nusu saa.
Nikasema hakuna.

Ijumaa, 6 Juni
Gari la Mwanza limeondoka bila vichupa. Mbegu nyingine hana, ataanza upya na jani la choya. Gidioni kaambiwa asirudi tena.
Kaja kwangu sasa hivi. Shikamoo mzee. Marahaba. Anasema wewe Consolatha anakusikiliza, mwambie tu kwamba nilichemsha, sitaki jina la uzembe linifuate. Nikamwambia kaa barazani, kuna kitu namalizia kuandika.
Consolatha naye katoka, kaburuta kiti mbali na Gidioni.
Kalamu bado ina wino. Naandika polepole, nikimaliza itabidi niseme. Gidioni kakohoa. Consolatha ameniita, Mjomba? Nimeitika naam — bado naandika.