Pampu Kumi na Tisa Nilizoziandika Nzima

Jumatatu, 3 Machi
Tumeingia! Binti yangu kajaza fomu ya mashindano ya programu za kompyuta, jina lake la kwanza, langu la pili. Ni ya dunia nzima. Sharti moja: utumie takwimu huria, zile zilizowekwa wazi kila mtu achukue bure, utengeneze kitu cha kuwafaa watu. Sisi tumechukua orodha ya pampu za maji. Unabonyeza simu, inakuonesha pampu nzima iliyo karibu. Yeye anajua kompyuta, mimi najua maji. Pampu mia na kumi na mbili, miaka ishirini na sita, nani alizitengeneza? Mimi! Jirani yetu fundi cherehani kasema mzee kama mimi kuingia mashindano hayo ni kipara kununua chanuo. Acheke. Suruali yake mwenyewe haimkai.

Jumatano, 5 Machi
Programu inafanya kazi. Ramani imejaa nukta za kijani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nukta zile nazisoma zote.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaijaribu. Karudi na ndoo tupu na mdomo umejaa. Kasema tumemtembeza saa nzima kwenda kuangalia kutu. Pampu haina hata mpini! Binti kaenda kutafuta takwimu zilikotoka. Ni fomu za ukaguzi za idara ya maji, kazini kwangu kwa zamani, zimepigwa picha moja moja. Kanigeuzia kioo cha kompyuta. Mwandiko ni wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Jana sikuandika yote. Naandika leo. Njia ya mlimani ilikatika, ikabidi kuzunguka kwa miguu. Miaka yangu mitatu ya mwisho kazini pampu kumi na tisa za huko sikuzifikia. Fomu nikazijazia mezani, hapa nyumbani. Nzima, nzima, nzima. Si uvivu — haya, uvivu kidogo. Ila nilijua pampu niliyoifunga mimi haifi.
Nimemwambia binti. Kasema tuzifute hizo kumi na tisa, hakuna atakayejua. Nikamuuliza, na mwenye ndoo atajua aende wapi? Tarehe ya mwisho ni Ijumaa ijayo, saa kumi jioni. Miguu ninayo.

Jumanne, 11 Machi
Kumi na nne nimezifikia. Tisa zimekufa. Magoti yanalia kama bawaba. Mke wangu kasema nitarudishwa kwa toroli, nikamwambia basi atayarishe toroli. Kwenye pampu ya bondeni mama mmoja kaniona na mkoba wangu wa spana, akafurahi. Akaniuliza, "Umekuja kutengeneza, fundi?" Nikasema nimekuja kuangalia tu. Akabeba ndoo yake, akaenda mtoni.

Alhamisi, 13 Machi
Zote kumi na tisa! Zilizokufa ni kumi na mbili. Binti kazitia nyekundu. Saba zinatoa maji mpaka leo. Nani mwingine angefunga pampu ikae hivyo? Lakini kumi na mbili ni kumi na mbili.

Ijumaa, 14 Machi
Saa tisa na nusu. Fomu ya mashindano inauliza kama takwimu zina makosa, na tuliyajuaje. Binti kaandika tulihakikisha kwa kutembelea. Ni kweli, lakini ni nusu. Nimemwambia afute. Kasema majibu haya yatawekwa wazi, idara watasoma, mtaa mzima utasoma, na cheti changu cha utumishi bora kiko ukutani pale.
"Nimekiona," nikamwambia. "Futa."
Kafuta. Kanisogezea kompyuta. "Basi andika mwenyewe, baba."
Kidole kimoja ndicho kinachojua herufi. Naandika kwanza hapa, nipate kunakili.
Fomu hizi zilijazwa na fundi ambaye —
Hapana. Fundi gani?
Zimebaki dakika kumi na mbili. Upya.
Fomu hizi nilizijaza mimi. Sikufika. Nilijiamini mno. Jina langu ni