Neema Alipomsalimia Ng'ombe

Ilomba, Mbeya

Mama yangu mpenzi,

Kamwene mama. Umeamkaje huko kwenye baridi? Goti linaendeleaje, na kifua cha baba kimetulia? Sisi wazima, hata huyu wa tumboni anacheza sana nikikaa tu. Nimeona niandike maana simu yako inakata kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Shemeji Festo anakuja kazini Mgololo, ndiye atakuletea. Mdogo wangu Tumaini akusomee.

Mama, lile ulilosema, nimlete Neema akae kwako mpaka nijifungue, tumelizungumza. Baba yake akacheka: "Huyo mtoto wa mjini? Akiona ng'ombe atarudi Mbeya kwa miguu!" Basi Jumapili akatupeleka kwenye shamba moja la hapa mjini, watu wanaenda na familia zao kuangalia mifugo. Mama, watu wanalipa kiingilio kuona mbuzi! Mimi nilibeba mfuko wa majani ya viazi, nisiende kwa watu mikono mitupu. Mlinzi akaniuliza, "Mama, hii mboga ya nani?" Nikamwambia, ya wenyeji, wale wa miguu minne. Alicheka mpaka akakaa chini.

Neema aliuliza maswali mpaka nikachoka. Sungura anaota ndoto? Bata mbona havai viatu na kuna matope? Tukafika kwa ng'ombe mmoja mwenye mabaka, mkubwa kweli. Dada anayekamua akamwambia Neema, "Huyu amekuzidi umri." Wee mama! Mtoto akashika magoti, akainama kama ninavyomfundisha akiongea na wewe kwenye simu, akasema, "Kamwene." Watu wote kicheko. Yeye hakucheka. Akabaki ameinama, anangoja kuitikiwa, mpaka baba yake akajibu kwa sauti nzito, "Kamwene, mjukuu wangu." Mnyakyusa yule, salamu yetu kajifunza lini sijui.

Kumbe mtoto haogopi. Nikasema moyoni, basi ataenda, nikaanza kufikiria nguo za kumfungia.

Hapo akaona ndama kafungwa pembeni, analia. Akauliza kwa nini. Yule dada akamwambia anasubiri mama yake amalize kukamuliwa, halafu ataachiwa anyonye.

"Mama yake anamwona?"

"Anamwona, si huyo hapo."

Neema akanishika gauni. "Mama, nikienda kwa bibi, na wewe utakuwa unaniona?"

Nikamtazama baba yake, naye akainama eti anafunga kamba za viatu, wakati kavaa ndala!

Tulipotoka getini ndipo akasema, "Nenda naye. Kajifungulie kwa mama yako. Mimi nitajipikia." Ugali wake unaujua ulivyo, lakini amesema kwa moyo wake wote.

Kliniki wameniambia safari naiweza bado, nisichelewe tu. Naomba umuulize nesi wa zahanati kama atanipokea. Nisalimie baba, shangazi muuza maziwa, na mama mchungaji, mwambie maombi yake tunayaona. Tumaini asome kwa bidii, asiishie njiani kama mimi.

Basi mama, usimtandikie Neema peke yake. Tandika kile kitanda kikubwa. Tunakuja wawili, na Mungu akijalia, kurudi tutakuwa watatu.

Ni mimi mwanao,
Rehema, mama Neema