Koti la Kwenye Picha

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Bati bado linavuja na Mama bado anamfukuzia fundi aje alizibe. Kile kitabu cha wakimbizi wa Asia ulichonitumia nimekimaliza. Kuna yule baba muosha vyombo hotelini, kila akitaka kupiga picha ya kutuma kwao anaazima suti. Nilicheka mpaka basi.

Jana mama wa rafiki yako unayeishi naye alituletea picha ya mwanawe tuione. Amevaa koti lako lile la kwenye picha uliyotutumia, Kaka, hata kifungo kilichokatika ni kilekile. Kicheko kikanikauka. Mama akasema tu, "Amependeza," akaingia jikoni, hakutoka mpaka mgeni alipoondoka.

Usitutumie picha nyingine. Njoo mwenyewe, hata ukiwa umevaa ndala.

Mdogo wako