Komeo la Mlango wa Bibi

Khamisa! Shoga, nimetoka kwa bibi sasa hivi.

Babu Muhdhar, yule mwalimu mpole wa Kiingereza, alimvunja mtu taya! Taya!

Mwaka themanini na nne, akipiga udi, ile ala ya nyuzi, kwenye hoteli moja Malindi. Meneja akamfokea mbele ya wageni: "Toka! Twataka klasiki, muziki wa Ulaya." Babu akamjibu, "Hiyo ni maana moja. Klasiki pia ni kitu cha kale kilichodumu kwa ubora wake. Udi huu ni wa babu yangu."

Meneja akaunyakua, akaupasua sakafuni.

Babu akaiokota shingo ya udi, akampiga nayo mpaka damu ikarukia vitambaa vya meza.

Nikauliza, shingo hiyo iko wapi? Bibi akanyoosha kidole mlangoni. Komeo, Khamisa! Lile tunalofungia tangu utotoni!