Keke ya Babu Yako

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, kuku wanataga, paa bado linavuja. Sasa nisikilize.

Ulipotuletea ile drili ya umeme, ukampa muuza vyuma chakavu keke ya mkono aliyotobolea mbao babu yako maisha yake yote. Hata hukumuuliza! Alipougua asiweze kuinuka, akawa anaitafuta kwa kupapasa kwenye shuka. Basi nikaenda mwenyewe kuchakura lile rundo. Muuza vyuma akanicheka, "Bibi, si chuma tu hicho?" Nikamwambia, "Chuma ni kichwa chako!" Niliijua kwa kile kirungu cha mti cha juu, kilivyochimbika kwa kuegemezwa kifuani. Ukiizungusha, haitoi hata mlio. Siku hizi nani anatengeneza kitu hivyo?

Nikarudi nayo, nikamwekea babu yako kifuani. Kirungu kikakaa palepale kwenye sugu yake. Akaizungusha mara moja, akasema, "Mwambie bado inazunguka."

Tumemzika juzi. Yeye hakukulaumu, mimi nakulaumu. Keke nimeipaka mafuta, iko chini ya kitanda changu. Usitume mtu. Njoo uichukue kwa mikono yako.

Bibi yako, mwenye hasira na wewe, na anayekungoja.